Mbegu Hazilali Nyumba Moja

Nyakitonto, Kasulu
6 Septemba 2024

Jeanne,

Huna adabu. Nimeanza na hilo ili usije ukakutana na salamu kwanza ukadhani mambo ni mazuri. Tangu Pasaka hujaniandikia hata mstari. Marselino kondakta anakuja Kibondo kila siku ya Mungu, basi lake linalala hapo stendi, na ukimpa karatasi analeta bure kwa sababu mama yake nilimzalisha mimi. Lakini wewe umenyamaza kama chungu kilichofunikwa. Na usinitajie simu. Simu ninayo, mjomba wako Venanti alininunulia, nimeitundika ukutani. Mimi nikigomba nataka mtu asome, alale, asubuhi asome tena.

Sasa sikiliza. Mwaka jana ulipoolewa na huyo Lukmani wako sikukupa kitanda wala masufuria. Nilikupa kibuyu. Ndani nilitia mbegu za boga jeupe la mama yangu, na nyanya chungu, na lengalenga, ule mchicha wa kwetu, na lile ua jekundu la mlangoni lililo kama kilemba cha jogoo. Nikazichanganya na majivu, nikaziba mdomo kwa gunzi, nikakuambia kitundike juu ya moto, moshi ukipitie, mdudu asisogee. Na nikakuambia mbegu hazilali nyumba moja. Nusu kwako, nusu kwangu. Ya mmoja ikifa, ya mwenzake inapandwa.

Mama yangu alitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mbegu hizo zimefungwa kwenye pembe ya kitenge, mimi nimeshikwa mkono. Vingine vyote aliviacha. Dada yangu alizipanda kambini Mtabila, na kambi ilipofungwa akarudi nazo Burundi. Sijasikia tena habari zake wala za mbegu. Majirani zangu hapa wote siku hizi wanapanda za pakiti. Kwa hiyo boga lile liko kwangu na kwako, basi.

Mvua iko njiani. Nataka unirudishie nusu ya mbegu za boga kabla haijaanza. Si kwamba sina. Ninazo. Nataka kuona tu kama umezitunza, maana mtu anayenyamaza ana jambo.

Mpe Marselino. Usichelewe.

Bibi yako,
Esteri


Kibondo
15 Septemba 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nimesoma, nikalala, nikasoma tena kama ulivyotaka.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kazi ni nyingi. Mama mkwe ana duka lake hapa mjini, unalijua, na mimi ndiye ninayefungua asubuhi. Lukmani yuko safarini, anapeleka bidhaa kwenye minada ya Kakonko na huko mbele, harudi mpaka mwezi wa kumi na moja. Bustani yangu ipo uani. Nimepanda mboga kwenye magunia, na pembeni ya ukuta nimelima kipande kidogo.

Mbegu zako ziko salama, usiwe na wasiwasi. Ila zile ziko ndani sana, kuzitoa kwa sasa ni taabu kidogo, kwa hiyo nimekutumia nyingine za boga, nzuri sana. Zinazaa maboga makubwa. Utazipenda.

Mama mkwe anakusalimia.

Mjukuu wako,
Jeanne


Nyakitonto
19 Septemba 2024

Jeanne,

Umenitumia nini? Nimefungua kile kifurushi nikakuta mbegu zimepakwa rangi kama mdomo wa bibi harusi. Nikalamba moja. Chungu. Nikatema, nikasugua ulimi kwa chumvi. Mbegu ya boga la mama yangu ni nyeupe, nene, ina ukingo kama chapati iliyokunjwa pembeni. Nimezaa watoto saba, mtoto wangu namjua hata akiwa amenipa mgongo.

"Ziko ndani sana." Ndani ya nini? Kibuyu kina mdomo mmoja. Unakiinamisha, zinatoka.

Haya. Mmoja wetu lazima awe mtu mzima, acha niwe mimi. Zangu hazipo. Venanti amenijengea jiko jipya la matofali na bati, lina dirisha, moshi wote unatoka kwenda kwa majirani. La zamani la nyasi alilibomoa nikiwa kanisani, ati anifurahishe. Kibuyu changu akakiweka stoo, sakafuni, kama kiatu. Panya wametoboa, wamekula kila kitu, wameniachia maganda na majivu. Nimemwambia Venanti siku nyingine akitaka kunifurahisha aniulize kwanza. Sasa anapita nyuma ya nyumba nisimwone.

Kwa hiyo hizo zako ndizo zilizobaki, kwa ninavyojua mimi. Sema ziko wapi. Na huyo mama mkwe wako, alinisalimia lini? Siku ya harusi alinipa mkono kama mtu anayeshikishwa samaki.

Mbegu zako za rangi nimempa Venanti akapande kule ng'ambo ya kijito, mbali na shamba langu. Maboga mawili yakikaribiana nyuki anayachanganya, na mwaka unaofuata unavuna kitu ambacho si hili wala lile. Lakini boga langu la kuchanganywa liko wapi? Shimo langu nimelichimba, nimetia samadi, limekaa wazi kama mdomo wa mtoto wa ndege.

Andika ukweli, mwana wanje.

Esteri


Kibondo
27 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Kibuyu hakipo.

Nitakueleza yote. Mwezi wa saba nyanya chungu zangu zilizaa mpaka matawi yakainama. Ulinifundisha kwamba mti uliozaa vizuri kuliko yote unaufunga kamba ya mgomba, kila mtu ajue ni wa mbegu, usichumwe, uzeeke na matunda yake. Hapa uani kwetu hakuna mgomba. Nikachana kitambaa. Bibi, kitambaa chenyewe kilikuwa shati la Lukmani, lile la bluu lililochanika kwapani. Nikafunga mafundo matatu kama unavyofunga wewe. Nikamwambia mama mkwe, "Huo usiuguse." Sikumweleza kwa nini. Nilidhani kila mtu anajua.

Wiki hiyohiyo Lukmani alirudi kutoka Kakonko na malaria, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mama akatoka uani kuchota maji, akaona shati la mwanawe limefungwa mafundo kwenye mti. Akaingia jikoni akakiona kibuyu juu ya moto. Akakitikisa, majivu yakamwagika. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo. Kesho yake mti uling'olewa na kibuyu hakipo. Nilipomuuliza alisema, "Jeanne, katika nyumba hii hatufanyi mambo ya kwenu."

Lukmani alipona kwa dawa za hospitali akarudi kwenye kazi zake. Hajui kitu. Lakini tangu siku ile mama hali chakula changu. Nikipakua anasema ameshiba. Anakwenda kula kwa jirani yetu Zuhra. Mimi nakaa na sufuria zima peke yangu, kinachobaki nampa mbwa wa watu. Juzi nimemsikia anamwambia Zuhra kwamba Lukmani akirudi itabidi niende kwetu nikapumzike kidogo. Unajua mwanamke akiambiwa akapumzike kwao maana yake nini.

Niliona aibu kukuambia nimepoteza mbegu. Nikaona aibu zaidi kukuambia kwa nini. Zile za rangi nilinunua kwa hofu tu.

Naomba usimwandikie mama. Nakuomba sana.

Jeanne


Nyakitonto
30 Septemba 2024

Kwa Mwanahawa, mama yake Lukmani,

Mjukuu wangu amenikataza nisikuandikie, ndiyo maana nakuandikia.

Wewe ni mtu mzima. Una duka, unapima sukari ya watu kwa mizani. Hili mbona umelipima kwa macho?

Kile kibuyu nilikipa mimi. Ndani mlikuwa na mbegu za mboga. Majivu ni ya kuzuia wadudu. Wewe maharage ya dukani kwako unayatia unga wa dawa kutoka kwenye kopo, sisi tunatia majivu ya jikoni, sasa mchawi nani? Na lile shati ni alama. Mti wa mbegu unafungwa ili mtu mwenye tamaa ya mchuzi asiuchume. Angekuwa na mgomba angefunga mgomba. Njoo kwangu uone, mti wangu wa nyanya chungu umefungwa soksi ya Venanti mwanangu, na Venanti ni mnene, anakoroma, hajaumwa hata jino.

Ningetaka kumroga Lukmani ningefanya kabla hajala mbuzi wangu wa harusi, si baada.

Sasa nakuuliza mambo mawili. La kwanza, kibuyu kiko wapi? Mbegu za boga zilizokuwemo mama yangu alivuka nazo mpaka, na kwangu zimeliwa na panya. Hakuna nyingine. Kama umekitupa shimoni, sema shimo gani, nitakuja na jembe langu. La pili, mtoto huyo anapika, nawe unakwenda kula kwa watu. Kumkatalia mtu chakula chake ni kumtukana bila kufungua mdomo. Kama unataka kumfukuza sema umfukuze. Usimwue kidogokidogo kwa sahani.

Salamu nilizisahau mwanzoni. Nakusalimu.

Esteri Nduwayezu


Nyakitonto
30 Septemba 2024

Jeanne,

Nimemwandikia. Barua yake Marselino atampa mkononi, wewe kaa mbali ukafue nguo. Usilie, machozi hayaoteshi kitu.

Shati la mume! Mimi nilikufundisha mbegu, sikukufundisha kufikiri, nilidhani umezaliwa nayo. Lakini mafundo matatu ni sawa. Hapo hukukosea.

Endelea kupika. Pakua sahani yake kila siku, funika, weka mezani. Asipokula ni dhambi yake.

Bibi


Nyakitonto
1 Novemba 2024

Mwanahawa,

Mwezi umepita. Kimya chako nimekisikia, hakuna haja ya kuendelea, kimefika.

Mvua imeanza hapa. Shimo langu la boga liko tupu na samadi yake, kuku wanakwenda kulichungulia kila asubuhi kama waombolezaji. Nilikuwa nimeamua nisikuandikie tena, lakini Lukmani anarudi mwezi huu, na najua kinachomsubiri Jeanne.

Kama umeamua kumrudisha, mrudishe mchana, watu wanaona, na umsindikize wewe mwenyewe mpaka mlangoni kwangu. Usimkabidhi kondakta kama kifurushi. Nitampokea. Nina kitanda, nina jembe. Lakini utaniangalia usoni uniambie amekosa nini.

Esteri


Kibondo
10 Novemba 2024

Bismillahi.

Kwako dada yangu na mkwe mwenzangu, Bi Esteri,

Baada ya salamu nyingi, mimi sijambo, ila nimeingiwa na haya hata kalamu imekuwa nzito. Barua yako ya kwanza niliipata. Nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Sikuacha kukujibu kwa dharau, dada. Nilikosa pa kuanzia.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Marehemu mama yangu alituusia kwamba ukikuta kitu kimefungwa kwa nguo ya mwanao, usikitupe njiani, kitamrudia. Usikichome moto, moshi utamwingia. Kipasue, ukifukie penye maji machafu, nguvu zake zipotee. Na Lukmani ndiye mtoto pekee niliyebakiwa naye. Basi nilikitwaa kibuyu chako, nikakipasua kwa mchi, nikakifukia nyuma ya bafu pale maji ya kuogea yanapotokea. Ule mti wa nyanya chungu nikaulaza juu yake, na matunda yake yote. Nikasoma dua, nikanawa, nikaondoka.

Ulipoandika kwamba zilikuwa mbegu, nilikwenda kufukua Jeanne akiwa dukani. Nilikuta vigae vya kibuyu na tope jeusi, sikuona kingine. Nikajua nimeharibu amana ya wazazi wako. Sasa mtu aandike nini baada ya hapo? Nikafukia tena. Nikawa kila nikimwona yule mtoto ananifunikia sahani, najifunga kanga naenda kwa Zuhra. Mwanzo nilikataa kula kwa woga. Baadaye, dada, nilikataa kwa aibu. Nitakulaje chakula cha mtu niliyemwita mchawi moyoni mwangu?

Mvua ya kwanza ikaja. Majuzi natoka bafuni, nageuka, naona majani nyuma ya ukuta. Yametoka mengi, yanasukumana kama watu kwenye mnada. Wallahi niliogopa. Nikamwita Zuhra aje ashuhudie. Zuhra akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Bi Mwanahawa, huo uchawi wako umeota!"

Lakini sitaki kukupa furaha ya uongo. Hapo nyuma hutupwa pia maganda ya jikoni, na mwaka huu tumekula maboga ya sokoni. Huenda ni hayo. Mimi siwezi kutofautisha. Nimekuwekea jani moja humu kwenye bahasha, wewe utajua. Jeanne sijamwambia kitu. Akitumaini halafu isiwe, nitakuwa nimemwumiza tena.

Nangoja neno lako. Lukmani anatazamiwa mwisho wa mwezi.

Mimi dada yako,
Mwanahawa


Nyakitonto
13 Novemba 2024

Mwanahawa,

Jani lilifika limejikunja kama sikio la mbuzi mgonjwa. Nikalitia kwenye bakuli la maji. Nikaliacha. Nikaenda kuchambua maharage ili nisilitazame. Venanti alikuwa amesimama mlangoni, anaogopa hata kukohoa.

Niliporudi lilikuwa limefunguka. Madoa meupe yapo. Pale mishipa inapogawanyika, yapo, kama mtu amenyunyiza unga kwa vidole. Jani la boga la sokoni huku ni kijani kitupu.

Ni lenyewe. Mana yanje, Mungu wangu, Mwanahawa, ni lenyewe.

Nilikaa juu ya kinu. Venanti akadhani nimepatwa, akakimbilia maji. Nikamwambia mimi sinywi, nenda ukaweke tena samadi kwenye lile shimo.

Sasa nikugombeze, usidhani umepona. Umepasua kibuyu ili mbegu zitoke. Umechimba udongo. Umetia majivu. Umelaza juu yake mti mzima na matunda yaliyoiva, ukaoza, ukawa mbolea. Halafu ukamwagilia kila ulipooga, kiangazi chote. Mwenzangu, wewe hukufukia uchawi. Ulipanda. Na ulipanda vizuri kuliko yule mwenye magunia.

Lakini tangu mwezi wa kumi ulijua mtoto hana kosa, na bado ukaenda kula kwa Zuhra. Aibu yako ukamlipisha yeye. Hilo ndilo ninalokugombea, si kibuyu.

Fanya hivi. Nyuma ya bafu, chini ya maboga, tazama kuna vimche vidogo vya majani mapana. Hiyo ni lengalenga. Vingine vinafanana navyo lakini shina lake ni jekundu kama damu. Hivyo usiviguse, ndiyo maua ya mlangoni. Chuma lengalenga, mpelekee Jeanne jikoni, mwambie apike. Akipakua, kaa, ule. Usimwombe msamaha kwa maneno. Nyinyi watu wa Ujiji maneno mnayo mengi, yanateleza. Kula.

Na usipalilie kitu hapo mpaka mimi niseme.

Esteri


Kibondo
24 Novemba 2024

Bibi!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Mama amekula. Jana aliingia jikoni na lengalenga kwenye kanga, sijui ameitoa wapi. Akasema tu, "Pika hii." Nikapika na karanga. Nikapakua sahani yake nikaifunika kama ulivyoniambia, nikageuka nitoke nisimwone anaiacha. Nikasikia mfuniko unafunguliwa. Nikasimama. Akala, Bibi, tonge la kwanza, la pili, akaangalia sahani, akasema, "Chumvi imepungua."

Chumvi imepungua! Tangu mwezi wa saba hajawahi kulalamikia chakula changu, maana hakukila. Nikamletea chumvi. Akala akamaliza, akaongeza.

Nikakimbilia nyuma ya bafu nilie, watu wasinione. Nikakanyaga kitu laini. Naangalia chini, mche wa boga! Umetambaa mpaka kwenye ukuta, una madoa yake yaleyale. Na miche ya nyanya chungu imejaa, na ya maua ina mashina mekundu. Nikapiga kelele. Mama akatoka mbio na kijiko mkononi. Nilidhani atanishika mkono au atasema pole. Akasema, "Jeanne, toka hapo, usiyakanyage!"

Halafu akanieleza yote tukiwa tumesimama palepale kwenye matope. Alilia yeye, mimi machozi yangu yalikuwa yamekwisha.

Lukmani amerudi leo. Kitu cha kwanza ameuliza ni kwa nini mama yake amekaa kwenye kigoda nyuma ya bafu ameshika fimbo. Mama akamwambia, "Nalinda kuku wasile urithi wa mkeo." Habari ya shati tumekubaliana tumweleze polepole.

Zuhra naye anataka mbegu. Nimemwambia mwenye kutoa ruhusa ni wewe.

Mjukuu wako anayekula na watu,
Jeanne


Nyakitonto
16 Februari 2025

Kwa Mwanahawa na Jeanne, msome pamoja, mmoja asimfiche mwenzake,

Nimepata habari kwamba maboga yamezaa na moja limekuwa jeupe kama yai, kubwa kuwashinda wenzake, na kwamba Mwanahawa amemwuliza Marselino kama basi lake lina mahali pa kulilaza. Nani amekuambia ukate? Boga la mbegu halina haraka. Liache kwenye mmea wake mpaka kikonyo kikauke kabisa, kiwe kama kuni. Ukilikata sasa utakuwa na mboga, hutakuwa na mbegu.

Msije mkapanda boga la sokoni hapo karibu. Maganda yake yatupeni kwingine. Kama kuna mche wa kijani kitupu umejipenyeza, ng'oeni leo kabla nyuki hajaujua.

Mashina mekundu yakichanua, chukueni miche miwili muihamishie mlangoni, upande na upande. Mama yangu kila alipohamia alipanda ua lile mlangoni, ndugu akimtafuta ajue nyumba. Mimi nikija sitaki kuuliza njia.

Boga lile jeupe lifungeni alama. Lifungeni kwa lile shati la bluu, hilohilo, mafundo matatu, na afunge Lukmani mwenyewe kwa mkono wake. Kama anauliza kwa nini, ndiyo siku ya kumweleza. Zuhra mpeni mbegu. Mtu aliyecheka wakati ule anastahili kupanda. Tena mbegu zikikaa nyumba tatu mimi nitalala usingizi mzuri zaidi.

Huku Venanti amenijengea tena jiko dogo la nyasi, pembeni ya lile lake la bati. Lina moshi hata paka anapiga chafya. Juu ya moto ameweka ndoano, na hapo nimetundika kibuyu kipya, nimekisafisha, kitupu.

Kikonyo kikikauka, Mwanahawa, ulete boga wewe mwenyewe, umelipakata. Marselino asiliguse. Na Jeanne akae kiti cha pembeni yako. Nitawasubiri stendi. Nikikuona unashuka na boga bila mtoto, sitapokea boga. Nikimwona mtoto bila boga, atarudi kulifuata. Shukeni wote, na mje na njaa. Mimi ndiye nitakayepika, na wewe Mwanahawa utakula kwanza.